Mtoto Aliyerudi na Shikamoo

Wiki iliyopita binti yangu alikuwa amejilaza kwenye kochi, simu usoni, akisoma hadithi za kutisha. Akainua kichwa: "Mama, eti zamani huko Ayalandi kulikuwa na viumbe wanaiba watoto, halafu wanaacha wa kwao kitandani. Ulishawahi kusikia?" Nikamtuma akaangalie maharage jikoni. Nimeshasikia, tena sana. Jioni nzima nilikaa nikitazama mlango, mtu mzima na miwani yangu, utadhani niko tena kijijini Chonyonyo kwa bibi nikisubiri kufukuzwa.

Wewe ambaye hukukaa Karagwe enzi zile, ngoja nikupe picha kidogo. Asubuhi ukungu ulijaa migombani hadi huoni choo kilipo. Jumamosi bibi alitandika nyasi mbichi sakafuni, nyumba ikanukia malisho. Ndizi na maharage vilichemka sufuria moja, vimefunikwa kwa majani ya mgomba, na kazi yangu ilikuwa kuchochea moto na kuanua kahawa mvua ikitishia. Tulikuwa wawili tu. Mama alifariki nikiwa mchanga, baba sikumjua.

Kabla sijaanza shule niliugua mguu, nikalazwa hospitali ya mbali kwa miezi mingi. Bibi alikuja mara chache, maana ng'ombe na kibanja chetu cha migomba angemwachia nani? Wauguzi wakanilea kwa Kiswahili. Siku niliporudi, nimekonda, kichwa kimenyolewa, nilisimama mlangoni nikasema shikamoo. Bibi alikuwa anasubiri salamu ya Kinyambo, lugha yetu. Nilikuwa nimeisahau, pamoja na karibu kila neno la nyumbani. Mkono wa kulia ulikuwa umetundikiwa dripu hadi nikazoea kula kwa wa kushoto. Senene wa kukaanga, wale panzi wa kwetu, ambao eti zamani niliwagombania, niliwasukuma pembeni nikasema wana miguu. Jirani yetu, mama mwenye mdomo kweli kweli, alinitazama akacheka, akamwambia bibi: "Hapa umepewa wa watu." Bibi hakucheka.

Shuleni tulikuwa na sista kutoka Ayalandi, mrefu, pua nyekundu kwa jua, aliyetufundisha dini. Ijumaa mchana alitusimulia hadithi za kwao, na yule sista alijua kutisha. Kwao kuna vilima vidogo vya duara ambavyo mkulima hathubutu kuvigusa, na ndani yake wanaishi watu wasioonekana. Kiswahili chake kikamwangusha, akasema wanaishi kwenye vichuguu. Basi, hapo hapo Ayalandi ikahamia kwetu, maana kila kibanja kilikuwa na kichuguu. Akasema watu hao huchukua mtoto wa watu na kuacha wa kwao, aliyekonda, asiyependa chakula cha nyumbani. Wazazi wakigundua, humweka kwenye beleshi lililopashwa moto na kumtoa nje, ili wenyewe waje wamfuate na kumrudisha mtoto halali. Darasa zima likageuka kunitazama. Binti wa jirani, niliyekaa naye dawati moja, akasogea ukingoni.

Tangu siku hiyo niliishi roho juu. Nilijitazama kwenye maji ya ndoo. Nilitafuta kichwani jambo lolote la kabla ya hospitali, sauti au wimbo, nisipate kitu. Bibi akishika beleshi kuzoa majivu, nilikimbilia chooni. Nilijilazimisha kula senene, nikatapika. Nilikuwa nawasemesha ng'ombe Kinyambo ili nijifunze haraka, kabla bibi hajasikia ile hadithi.

Akaisikia. Alasiri moja tunamenya ndizi, jirani akaingia, akamwaga yote bila hata kukaa. "Mtazame mwenyewe," akasema. "Yule wako alikuwa hivi? Nenda hospitali ukaulize." Bibi aliendelea kumenya. Jirani alipoondoka, bibi alifuta utomvu mikononi, akanishika mkono, tukapita migombani hadi kwenye kichuguu kikubwa mpakani mwa kibanja. Nilijua ndiyo narudishwa. Nikamwambia kwa Kinyambo changu kibovu kwamba senene nitakula.

Bibi aliniachia mkono. Alikiinamia kichuguu kama anasema na mtu kiziwi: "Kama wangu yuko kwenu, mlisheni vizuri, na msimchape. Huyu niliye naye simtoi." Halafu akaniambia twende, moto utazimika.

Usiku huo nililala fofofo, beleshi sikuliogopa tena. Lakini lile neno "kama" halikuniacha. Kwa nini hakusema tu kwamba ni mimi? Nilikua, Kinyambo kikarudi hadi nikaweza kugombana nacho sokoni, na kila nilipoenda kumsalimia bibi nilikusudia kumuuliza. Nilikuwa namenya ndizi, nasimulia habari za mjini, naondoka bila kuuliza. Niliogopa jibu, sikufichi.

Sasa bibi hayupo. Jirani naye alitangulia, sista alirudi kwao, na kile kichuguu walikivunja wakafyatua matofali. Nyasi za sakafuni siku hizi ni zulia la plastiki. Hayo yote nayalilia kama wenzangu wanavyolilia ya kwao. Lakini linaloniuma zaidi ni kwamba hajabaki mtu hata mmoja aliyemfahamu yule mtoto kabla hajapelekwa hospitali. Binti yangu nikimwambia yule mtoto alikuwa mimi, ataamini, kwa kuwa hana wa kumuuliza.