Bunduki Iliyovaa Sweta

Mke wangu alikuwa fundi cherehani. Mtaa mzima ulimwita Fundi, na mimi nikamwita hivyo hivyo. Alifariki mwanzo wa mvua hizi. Nataka kueleza alivyoishi na bunduki yangu. Nisipoeleza, hamtaelewa kwa nini bado niko ndani ya nyumba hii.

Nililinda geti la kiwanda cha mbao miaka thelathini. Nilipostaafu kiwanda kilikuwa kimefilisika. Badala ya kiinua mgongo nilipewa bunduki ya marisau, ya mtutu mmoja, na karatasi yenye muhuri. Nilirudi nayo nyumbani kama bwana harusi. Fundi alinitazama toka kichwani mpaka miguuni.

"Wenzako wakistaafu wanarudi kwa wake zao," alisema. "Wewe umeniletea mke mwenza."

Jina likabaki hilo hilo.

Leseni ilikuja na masharti. Bunduki ikae kwenye kabati la chuma lililofungwa ukutani kwa bolti. Isihamishiwe nyumba nyingine. Nyumba isilale bila mwenye leseni au mkewe, hata usiku mmoja. Ikikutwa na kutu, mwenyewe ana kesi ya uzembe. Sasa nyumba yetu ina ukuta mmoja tu mnene wa kushika bolti, nao ndio unaopakana na bafu. Ukuta huo hutoa jasho mwaka mzima.

Mwanzoni niliiacha ndani ya ala ya ngozi niliyopewa nayo. Nilidhani ndiyo heshima yake. Wiki ya tatu mtutu ulikuwa na madoa mekundu kama upele. Fundi ndiye aliyeyaona.

"Ngozi inashika maji, mume wangu. Kiatu tu ukikifungia kinaota ukungu, sembuse huyu bibi."

Toka siku hiyo nikanyang'anywa. Alipigilia vipande vya mbao nyuma ya kabati ili lisigusane na ukuta. Chini aliweka bakuli la mkaa mkavu, akawa anaubadilisha kila wiki. Wateja wake aliwaomba vile vipakiti vya chengachenga za kunyonya unyevu vinavyokaa kwenye maboksi ya viatu. Vikilowa alivikausha kwenye kikaango, moto mdogo. Jumamosi asubuhi aliitoa, akaifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani, akaisimamisha kichwa chini ili mafuta yasiteremke kwenye mbao ya kitako. Baada ya hapo haikuguswa kwa mkono mtupu. Nikigusa, nilisikia.

"Jasho lako hilo lina chumvi! Umeshindwa kuninunulia mafuta ya nywele, unataka kumharibia na mwenzangu?"

Aliifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa. Wakaguzi walikuja, wakaangalia, wakaondoka. Mmoja aliniuliza ni fundi gani anayenitengenezea. Nikamwonyesha mke wangu kwa kidevu. Alikuwa anapiga pindo la gauni, hakuinua hata uso.

Miaka yote hiyo hatukulala nje pamoja hata mara moja. Binti yetu anaishi mji mwingine, saa sita kwa basi. Amezaa watoto watatu. Kila uzazi Fundi alikwenda, mimi nikabaki. Akirudi ananieleza mtoto kafanana na nani.

Alipougua, binti alimchukua, akamlaza hospitali ya huko kwake. Nilikwenda kumwona mara tatu, na mara zote nilirudi siku hiyo hiyo. Sharti lilikuwa mwenye leseni au mkewe, na mkewe alikuwa kitandani kule. Alifariki alfajiri. Mimi nilikuwa huku.

Baada ya mazishi binti aliniambia, "Baba, chumba kipo, kitanda kipo. Rudisha hiyo bunduki kituoni uje ukae na wajukuu zako."

Nilikubali. Nilitaka kutoka. Hata sasa nataka.

Nilifungua kabati. Hapo niseme kosa langu. Siku tuliyotoka makaburini mvua ilinyesha sana, nyumba ikapoa, nikaivisha bunduki sweta la Fundi, alilofuma mwenyewe. Ngozi nilishakatazwa. Sufu sikukatazwa. Sikufikiri kwamba majirani walikuwa wamelifua juzi yake na halijakauka vizuri. Mkaa sikuubadilisha. Nilifunga kufuli zote mbili, sikufungua tena miezi miwili.

Nilipolivuta sweta, lilikuwa limegandia chuma. Mtutu ulikuwa na kutu, na kutu imeshika sura ya ufumaji wake, kishimo kwa kishimo, mstari kwa mstari, mpaka pale alipokosea mshono mmoja akaacha.

Nilikwenda nayo kituoni hivyo hivyo. Afande wa ghala la silaha ni mama wa makamo, mpole.

"Pole kwa msiba, mzee wangu," alisema. Kisha akaitazama. "Lakini hii siwezi kuipokea. Nikiipokea hivi, kutu itakuwa yangu. Nakupa wiki mbili, la sivyo nitalazimika kuandika kesi."

Jirani yangu seremala alinipa waya laini wa kusugulia.

"Sugua na mafuta," alisema. "Usiende kavu, utakwaruza chuma."

Nilisugua siku tisa. Mistari iliisha mmoja mmoja. Ule wenye kosa niliuacha wa mwisho. Siku ya tisa nikausugua nao.

Nikarudi kituoni. Afande aliikunja kuifungua, akachungulia ndani ya mtutu, akacheka.

"Mzee, hii ni mpya! Njoo nikuonyeshe."

Alinifungulia mlango wa ghala. Bati lilivuja, ndoo tatu zilikuwa zimekinga maji. Bunduki zimeegemezwa ukutani kama kuni, nyekundu tupu.

"Nikiiweka humu, mwezi mmoja imekwisha. Tena leseni yako haina kasoro, sina hata sababu ya kuandika. Kaa nayo."

"Sitaki kukaa nayo, afande. Nahama."

"Basi kuna fomu ya kuiharibu. Unasaini na shahidi, inakatwa vipande vitatu kwa msumeno. Siku hiyo hiyo uko huru."

Nilimwuliza inakatwa wapi. Akaweka kidole katikati ya mtutu. Nilisema nitafikiri. Nikachukua fomu, nikachukua na bunduki, nikarudi nyumbani.

Binti alipiga simu.

"Umesaini?"

"Bado."

"Baba, kwani ni mtoto mchanga?"

"Mama yako kaitunza miaka kumi na tisa, nikaikate kwa msumeno?"

Akasema, "Mama hakuwa anatunza bunduki. Aliichukia. Alikuwa anakutunza wewe, usije ukafungwa. Aliniambia mwenyewe, kila nilipojifungua, akilalamika kwamba babu hayupo."

Kwangu hakuwahi kulalamika, alitania tu. Nilidhani utani ni utani.

Tangu hapo siwezi kusema tena kwamba sheria imenifunga. Mlango upo, afande ameuonyesha. Fomu iko mezani, chini ya mkasi wa Fundi. Najua pa kuweka sahihi. Jumamosi ikifika naitoa bunduki, naifuta, naisimamisha kichwa chini. Mkaa naubadilisha. Mkono mtupu siugusishi.

Seremala amekubali kuwa shahidi. Hupita asubuhi akienda kazini, anasimama dirishani.

"Vipi mzee, tunasaini leo?"

"Leo kuna unyevu," namwambia. "Siwezi kuitoa nje na mvua hii. Ngoja jua litoke."

"Haya, tungoje jua. Ila huyu bibi yako mgumu kuachika."

Jana jua lilitoka. Nilimwona seremala akivuka barabara, amevaa shati safi, kalamu mfukoni. Nikafunga mlango kwa ndani.