Kompresa ya Gari la Baba

Mtaani wanamwita mume wangu Friji. Anatengeneza viyoyozi vya magari, na hata umtukane vipi hapandwi na mori. Mori napandwa mimi kwa niaba yake.

Baba alipoanza kuugua kifua, alikataa katakata kupelekwa kliniki kwa gari lolote isipokuwa lake, lile la zamani alilolinunua kabla sijazaliwa. Kiyoyozi chake kilikuwa kimekufa siku nyingi, na joto la humo ndani lilimkata pumzi. Friji akasema kazi hiyo ni yake, aachiwe.

Alipanga kompresa mbili, zile pampu za kusukuma gesi ya kiyoyozi, juu ya meza ya gereji. Moja nzito, chuma kitupu, ya aina ileile ambayo gari lilitoka nayo kiwandani. Nyingine ndogo, ya kisasa, unaibeba kwa mkono mmoja.

"Hii kubwa inanyonya nguvu ya injini, baba," alimweleza. "Kwenye foleni injini itachemka, itabidi tuzime kiyoyozi. Hii ndogo haina neno. Nitatoboa matundu mawili tu ya kuishikilia."

Baba akataka kaka apigiwe simu kwanza. Kwetu neno la kifungua mimba ndilo la mwisho, hata kama kifungua mimba mwenyewe hajakanyaga nyumbani tangu mama azikwe.

"Msitoboe kitu!" kaka alifoka kwenye simu. "Gari libaki vilevile. Wekeni ya asili."

Baba alilengwalengwa na machozi. "Umesikia, mkwe? Anajua thamani ya gari la baba yake."

Friji alinitazama. Nikamwashiria kwa kidevu afunge.

Akaifunga ile kubwa, tena vizuri, maana kulipua kazi hajui. Barabara ikiwa tupu, baba alipata ubaridi wake na kuimba. Tukiingia foleni, mshale wa joto unapanda, Friji anazima, tunashusha vioo. Baba anatota jasho, anahema, na bado ananiambia, "Vumilia, mwanangu. Kaka yako ana sababu zake." Nilimchukia kaka kwa kila tone la jasho lile. Mwishowe nikampigia, nikamwambia wazi kwamba baba anateseka. Akajibu amesikia, basi.

Jumamosi moja akaja, na mgeni mwenye miwani nyeusi. Hata salamu hazijaisha, kaka akafungua boneti.

"Tazama mwenyewe, hakuna kilichotobolewa. Hata kompresa ni ya asili. Hupati jingine kama hili."

Baba alikuwa kibarazani, anasikia kila neno. Alijishika ukutani, akasimama.

"Unaliuza, mwanangu?"

Kaka alimfuata, akamshika bega kwa upole kabisa.

"Ni kwa ajili yako, baba. Dada mwenyewe ameniambia unavyoteseka humo. Joto lile litakuua."

Baba alinitazama mimi, si kaka. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo.