Mkulima wa Ndizi na Tarumbeta Yake

Jumamosi nilikuwa mazishini Mitunguu. Wasifu uliosomwa ulimwita marehemu mkulima wa ndizi. Tarumbeta ya jazi aliyoipuliza jijini nusu ya maisha yake haikutajwa, wala santuri alizorekodi, maana mchungaji hakutaka habari za vilabu vya pombe.

Tukimngoja mbunge, mjane akampa fundi wa spika flashi yenye muziki. Punde mguu wa mchungaji ukaanza kucheza.

“Huyu wa tarumbeta ni nani? Tumwite siku ya kufungua kanisa.”

Mjane akalionyesha jeneza kwa kidevu. “Ndiye huyo, pastor. Alikuomba nafasi ya kupiga kanisani ukamkatalia.”

Mguu ukatulia.

Husemwa mtu husifiwa akishakufa. Kwa huyu, kufa hakukutosha. Ilibidi pia wasijue ni yeye.