Mkwe Nisiyeruhusiwa Kumtazama

(Dada huyu ametuandikia kutoka Ziwa Nyasa. Jina lake na la mumewe tumeyaficha kama alivyotuomba. Msomeni, kisha mjibuni kwa upole.)

Wasomaji wenzangu, salaam. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na mitatu, mzaliwa wa Mzenga, Kisarawe, na nina mimba yangu ya kwanza. Huku nilikuja likizo. Mahindi tuliyoyakuta machanga yameshavunwa, na mimi bado nipo.

Mume wangu ni Mnyakyusa, fundi mitambo kwenye kiwanda kimoja Kibaha. Tulijuana hapo hapo Kibaha, kituo cha Kwa Mathias, nikimsaidia mama mdogo kuuza vitumbua, akawa hali vya mtu mwingine. Alisilimu, tukaoana. Baba yangu alinung'unika: "Unaolewa mbali, ukipata tabu nani atakusikia?" Nikamjibu kwamba siku hizi sote ni Watanzania. Maneno ya mkutanoni hayo, nami nilikuwa nimeyameza mazima.

Alipopata likizo akaniambia twende kwao. Alinisifia ziwa lisilo na chumvi, milima ya Livingstone iliyosimama nyuma ya nyumba, na jumba la kale la wamisionari wa Kijerumani ambalo watu hutoka mbali kuja kulitazama. Wallahi hakudanganya. Siku tuliyofika nilisimama mchangani nikasema moyoni, kumbe nchi yetu nzuri hivi na mimi najua Kisarawe tu.

Asubuhi yake nikafanya kama nilivyofunzwa. Kwetu bibi harusi asiyekwenda kumwamkia mkwe hana malezi. Nikajifunga kanga mpya, nikapika chai, nikampelekea baba mkwe pale anaposhonea nyavu zake. Nikapiga magoti, nikamtazama usoni kwa adabu zangu zote. "Shikamoo, baba." Mzee wa watu alijifunika koti kichwani akakimbilia migombani. Mama mkwe akaja mbio akinivuta mkono. Nilijua kabisa nimekataliwa.

Mume wangu akacheka. "Nilisahau kukwambia. Kwetu mke na baba mkwe hawaonani uso wala hawasemezani."

"Mtu husahau sufuria," nikamwambia, "hasahau jambo kama hilo."

Likizo ilipokwisha aliingia ndani kichwa chini. Akasema baba yake amekasirika, ameamuru nibaki nijifunze adabu za hapa na nimsaidie mama yake shamba. Nikauliza mpaka lini. "Mpaka baba mwenyewe aseme." Nikamwambia basi niende nikamwombe msamaha. "Utamwombaje na huruhusiwi kusema naye?" Kesho yake akapanda gari, akaniacha.

Tangu hapo ndiyo maisha yangu. Njia ya kwenda barabarani inapita mbele ya nyumba ya mzee. Akiwa amekaa pale sipiti, na tukikutana ghafla nachuchumaa migombani na kanga kichwani mpaka aondoke. Mbele ziwa, nyuma mlima, na njia ameikalia yeye. Mimi niliyezoea kuongea hadi nyumba ya tatu wakasikia, nashinda na mama mkwe asiyejua Kiswahili, tunaonyeshana kwa vidole. Hata ule uzuri niliousifia sasa unanichefua. Nikiamka nikaiona ile milima, naipa kisogo.

Nisiwafiche, nilimchukia yule mzee. Kila jioni huniwekea samaki mlangoni juu ya jani la mgomba, kisha huyo anakwenda zake. Nikawa nasema ananilisha kama mfungwa.

Mimba ilipojulikana nikamwandikia mume wangu. Kwetu mimba ya kwanza mtu huenda kujifungulia kwa mama yake, na yeye analijua hilo. Akajibu kwa ufupi: nisubiri ruhusa ya baba, na nikiondoka bila ruhusa hiyo, nyumbani kwake Kibaha nisikanyage.

Sasa juzi mama mkwe alikuwa shamba, mimi nimejilaza ndani nalia. Nikamsikia mzee nje, nyuma ya ukuta wa mianzi. Kulikuwa na mbuzi amefungwa pale. Akaanza kusema na mbuzi, kwa Kiswahili chake cha jeshini.

"Wewe mbuzi, mimi nashangaa. Mtoto wangu aliniambia mke wake amechoka na Kibaha, anataka kukaa hapa kulima. Nikasema sawa, hapa ni kwake. Lakini kila siku nasikia analia. Mtu aliyependa kukaa halii hivyo." Akamsogezea majani. "Hasira mimi sina. Ile chai alikuwa hajui, nani atamkasirikia mgeni? Kama anataka kwenda kuzaa kwa mama yake, aende. Mimi sijamfunga."

Kisha nikasikia viatu vyake vinakwenda.

Wasomaji, niliinuka nikaketi. Kumbe amri zote zile hazikutoka kwa mzee. Mume wangu ndiye aliyenifungia, akamweka baba yake mlangoni, mtu pekee duniani ambaye siwezi kumwuliza neno. Na mtu hamfichi mkewe chini ya mlima bure. Kibaha kuna kitu hataki nikione, na mnakijua kama ninavyokijua mimi.

Mama nesi wa zahanati, ndiye anayenipelekea barua hii posta, anasema wakienda kuchukua dawa Mbeya atanipakia kwenye gari yao. Kutoka Mbeya kuna treni, na inasimama Mzenga kabla haijafika Dar es Salaam. Nikishuka Mzenga nitazaa mikononi mwa mama yangu, lakini nitakaa kwa baba aliyenionya, na nyumba yangu nimemwachia mwanamke nisiyemjua. Nikipitiliza mpaka Dar es Salaam nikapanda basi la Kibaha, nitabisha hodi kwangu mwenyewe na tumbo hili, na nitakachokiona ndio mwisho wa ndoa yangu. Nikibaki hapa, mtoto atazaliwa huku na mimi ndiyo basi tena.

Zamani nililia kwa kukosa ruhusa. Ruhusa nimeipata, na bado sijafunga mzigo. Dada zangu, kaka zangu, nipeni akili: nishuke wapi?