Nichoree Nione

Mwalimu wa gredi ya tatu hakubali jibu tupu. Mtoto akisema kumi na tano, yeye humwambia, "Nichoree nione," kwa sauti ile ile tangu Januari, sauti ambayo sasa imebaki nusu. Mimi ninayefundisha darasa jirani huisikia kupitia ukuta wa mabati. Mezani ana mkebe wa vifuniko vya soda vya kuhesabia na mwingine wa mbaazi. Kengele ya saa nne ikilia, huinama kuokota mbaazi zilizoanguka, moja moja, mkono mwingine kiunoni. Chaki imemkausha vidole mpaka vimepasuka. Haketi. Kiti chake kimejaa madaftari ya watoto hamsini na wanane.

Juzi niliingia kuomba chaki, nikamkuta amesimama mezani na daftari la Kalondu, msichana wa dawati la nyuma, aliyekuwa kando yake. Hesabu ilisema: kuna mitungi kumi na miwili ya maji, kila punda hubeba minne, watahitajika punda wangapi? Kitabu kilitaka watatu, hata mimi ningejibu hivyo. Kalondu alikuwa ameandika mmoja.

Kalamu nyekundu ilikuwa tayari hewani. "Nichoree nione."

Mtoto akachora punda, akachora njia ya mtoni, kisha akaipitia njia hiyo kwa penseli mara tatu. "Kwetu ni mmoja tu, mwalimu. Anarudi."

Mwalimu akaitazama picha. "Na mbona ameinamisha kichwa?"

"Hapo ni safari ya tatu."

Akaweka tiki. Kisha akayasukuma madaftari ya kitini pembeni, akaketi.