Jibu la Wajane Wawili Kuhusu Treni

Mjane aliye edani hatoki nje. Hilo kila mtu wa Kasongo analijua, hata majirani zetu Wakristo, ambao wakati wetu ulipofika walituchotea maji na kutuletea mboga ya sombe bila kuombwa. Sisi tulikuwa wajane wawili wa mume mmoja, chini ya paa moja, na mimi ndiye mke mkubwa. Nasema wazi, mwanzoni niliona mtihani umezidi. Kumpoteza mume ni jambo moja. Kufungiwa ndani na mke mwenza kutwa kucha, bila hata kisingizio cha kwenda sokoni ili nimkimbie, wee, hilo ni jambo lingine kabisa.

Marehemu alikufa kwa ugonjwa, kitandani mwake, watoto wake wakiwa karibu naye, na kwa hilo namshukuru Mungu. Alikuwa mfanyabiashara wa karanga na mchele. Mzigo ulitoka Wamaza, kwa ndugu za mwenzangu, ukaja kwa pikipiki mpaka depo yetu hapa mjini. Toka hapa baiskeli zilisukumwa mpaka mtoni, mtumbwi ukavusha Lualaba, na ng'ambo ya pili magunia yakafikishwa kwenye gare ya Samba, kituo cha treni, maana treni haiji Kasongo, sisi ndio tunaoifuata. Kazi yangu ilikuwa depo: kupokea, kupima, kugombana na watu wa pikipiki wanaolowesha mzigo njiani halafu wanasingizia mvua. Kugombana najua. Mwenzangu, aliyezaliwa hukohuko Wamaza, ndiye aliyefuatana na mume kwenye treni, wakakaa juu ya magunia ndani ya vago, behewa la mizigo, mpaka kusini na kurudi na chumvi na sabuni. Mimi treni nilikuwa sijaipanda maishani mwangu.

Sasa angalia tulivyobaki. Mimi naijua depo, siijui njia. Yeye anaijua njia, na ndugu zake ndio wenye karanga. Watoto wote, wa kwangu na wa kwake, walikula kutokana na magunia hayo. Na ndugu zake walikuwa wameshatuma neno: eda ikiisha tu, watakuja kumchukua dada yao. Ilikuwa haki yao, siwezi kusema vingine. Yeye mwenyewe hakusema atakwenda, wala hakusema atabaki. Nami, pamoja na mdomo huu wote ambao mtaa mzima unaujua, sikumuuliza. Niliogopa jibu.

Basi, siku moja shehe wetu alikuja kututazama. Kama desturi alikaa barazani, sisi tukiwa nyuma ya pazia la mlango. Baada ya dua akasema kuna watu wa Leta, yaani serikali, wameingia mjini, nao wanaita raia ili wawaulize. Tukacheka. Leta kutuuliza? Sisi tumezoea Leta kutudai.

"Hapana, safari hii wanauliza kweli," akasema. Akatueleza vizuri, polepole, na mpaka leo namshukuru kwa subira yake. Kulikuwa na mpango wa kuweka wakaguzi wa treni, watu wa kuangalia reli, breki na magurudumu, ambao hawatakuwa chini ya mwenye treni. Lakini wakaguzi hao wanakula, wana watoto, wanahitaji mshahara. Utoke wapi? Kwenye tikiti ya abiria? Kwenye kila gunia la mfanyabiashara? Kwa matajiri wanaokodi vago nzima nzima? Au Leta yenyewe itoe? Mkutano ungekuwa kwenye sali, ule ukumbi wa mapadri, na kila nyumba ya biashara ingetoa jibu moja tu.

"Ninyi hamuwezi kufika kule," shehe akasema, "lakini nimemwambia bwana mkubwa wao kwamba iko nyumba ya wajane wanaosafirisha mali. Amesema atakuja yeye mwenyewe hapa, Ijumaa baada ya sala. Mukae, musikilizane. Jibu moja."

Jibu moja! Shehe hakuwa amefika hata barabarani, mimi tayari ninalo.

"Hapana," nikasema. "Hata franga moja haitatoka kwa gunia langu. Wale wenye treni, wailinde treni yao."

Mwenzangu alikuwa amekaa chini akibangua karanga. Hakuinua kichwa. "Miye naona tulipe," akasema.

Nikafikiri sikusikia vizuri. "Tulipe nini?"

"Tulipe, yaya. Hata kwa gunia, kama haiko njia ingine." Yaya ni dada mkubwa, ndivyo alivyoniita siku zote.

Nilimwambia maneno. Nilimwambia kwamba kwake ni rahisi kusema tulipe, maana anakwenda zake Wamaza, na mimi ndiye nitakayebaki na hayo magunia yenye takisi juu ya takisi, kodi isiyoisha. Kumbe lile nililoogopa kuliuliza nilikuwa nimelitupa hapo katikati kama tusi. Alikusanya karanga zake kwenye sinia akahamia ukumbi wa nyuma. Tulikula kila mtu na sahani yake siku ile, na jirani aliyeleta chakula alituangalia, akaguna, akaondoka.

Kesho yake mchana, joto likiwa kali na watoto wako masomoni, alirudi na sinia lilelile akaketi karibu yangu. Nami nikachukua karanga kiganjani nikaanza kubangua. Kwetu hivyo ndivyo watu wanavyoombana radhi bila kujidhalilisha.

"Yaya, weye treni unaijua?"

"Naijua inachelewa."

Akacheka, akanipiga begani. Halafu akaacha kucheka. "Unakumbuka ile safari tulikawia sana, weye ukasema tumeenda kutembea?"

Nilikumbuka. Nilikuwa nimenuna muda mrefu. Mume alirudi akaniambia treni imekawia, basi, hakuongeza neno.

"Haikukawia. Vago yetu ilitoka kwenye reli."

Akanisimulia. Walikuwa wanateremka kwenda kwenye daraja, na breki zikalia kwanza, kisha zikanyamaza. Alisema alipata woga zaidi ziliponyamaza. Vago ikaanza kuinama polepole, kama mbuzi anayekataa kamba, na magunia yakawa yanawatelezea. Mume wetu alimvuta kwa mkono mmoja, kwa mwingine ameshika mlango, akawa anasema shahada kwa sauti. Vago ikalala kwenye udongo kabla ya kufika darajani. Hakufa mtu. Walikaa porini, wakala karanga mbichi, wakasubiri waletewe vago nyingine, na alikuwa na mimba ya huyu kitindamimba wetu.

"Alinikataza nikuambie," akasema. "Alisema ukijua utafunga depo, na watoto watakula nini?"

Astaghafiru. Mtoto yule, ambaye mimi ndiye niliyempokea mikononi siku alipozaliwa, alikuwa ndani ya vago ile, na mimi hapa nimenuna kwa sababu sabuni imechelewa. Nilimshukuru Mungu palepale, kwa sauti, karanga zikanimwagika. Nikamshukuru na marehemu kwa ule mkono wake. Nikamlaani kidogo pia kwa kunificha, Mungu amrehemu.

"Sasa sikiliza," mwenzangu akasema. "Anayeangalia magurudumu, kama anakula kwa mwenye treni, siku atasema gurudumu hili ni bovu, si mwenye treni atamwambia, 'Nyamaza, ule'? Weye sokoni unanunua nyama iliyopimwa na mutoto wa mwenye bucha?"

"Sinunui."

"Basi. Ndiyo maana nasema tulipe. Mutu akilipwa na sisi wote, haogopi mutu mumoja. Miye sitapanda tena treni ambayo haiangaliwi. Hata kama nitabaki hapa."

Hata kama nitabaki. Nililisikia neno hilo, nikalishika, lakini sikulivuta, nikaogopa lisije likakatika. Nikasema tu kwamba kulipa ni sawa, nimekubali, lakini si kiasi kilekile kwa kila gunia, kana kwamba mjane mwenye magunia yake ya kuhesabika ni sawa na tajiri anayejaza vago mpaka mlango haufungi. Kila mtu alipe kwa uzito wa mzigo wake, na anayejaza vago atozwe zaidi kwa kila gunia kuliko mwenye machache. Akafikiri kidogo. "Iko vizuri hiyo," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza tunakubaliana juu ya biashara, na mwenye biashara hakuwapo kuona.

Ijumaa yule bwana alikuja kweli. Nilimtazama kupitia mwanya wa pazia: mtu wa makamo, shati limelowa jasho, viatu vimejaa vumbi jekundu. Alivivua mlangoni bila kuambiwa. Shehe alimtandikia mkeka, naye akaketi, miguu amekunja kama mtu wa nyumbani. Alitupa pole ya msiba kabla ya kusema jambo lolote la treni. Nimeshakutana na watu wa Leta wengi maishani, wengine hawajui hata kusalimia. Huyu simjui jina, wala sijui kama bado yuko kazini, lakini namwombea heri.

"Mama," akasema, "nasikiliza jibu la nyumba hii."

Desturi iko wazi. Mke mkubwa akiwapo, ndiye anayesema. Mdogo hanyanyui sauti mbele ya wageni. Shehe alishageuza kichwa upande wangu. Mwenzangu alishainamisha chake. Nami nilikuwa na maneno yote tayari, nimeyapanga tangu alfajiri, na nasema kweli, nilikuwa nayafurahia. Nilifungua mdomo. Nikamwona yule mwanamke pembeni yangu, vidole amevifumbata mapajani, anajiandaa kunisikia nikiisimulia hofu yake kwa mdomo wangu, mimi ambaye treni naijua kwa kuisubiri tu.

"Baba," nikasema, "katika nyumba hii, anayeijua treni si miye. Jibu letu litasemwa na mwenzangu. Na akilisema yeye, nimelisema miye."

Shehe akakohoa. Mwenzangu alinigeukia kwa macho makubwa mpaka nikataka kucheka, nikamkandamiza paja: sema basi!

Akaanza kwa sauti ndogo, bwana akamwomba arudie, akaongeza. Alisema breki, alisema daraja, alisema mimba yake, mbele ya wanaume, bila kutetemeka. Alisema tutalipa, ila mkaguzi asile mezani kwa anayemkagua. Alisema walipe kwa uzito, na hapo akanigusa akasema, "Hilo ni neno la yaya wangu." Hakuna mtu aliyemlazimisha kunitaja. Bwana aliandika, akauliza swali, akajibiwa, akauliza lingine. Mwisho akasema kwenye sali watu walibishana asubuhi nzima juu ya nani asilipe, na hapa ndipo alipoelezwa kwa nini mtu alipe. Akashukuru. Sisi tukamshukuru. Tulishukuriana hapo mpaka shehe akakumbusha kwamba jua linakwenda.

Mwenzangu alilala alasiri ile usingizi wa mtu aliyelima shamba zima. Mimi nilikaa nikimpepea nzi, na nilijua sasa nini hasa nitapoteza eda ikiisha. Kabla ya hapo nilikuwa nahofia karanga.

Eda ikaisha. Shemeji zangu, ndugu za mwenzangu, wakafika kutoka Wamaza kwa pikipiki, wamechafuka matope ya njia ya Kabambare mpaka masikioni, watu wa heshima, wanyamavu, wanasali kanisani na walisimama vizuri kwenye msiba wetu. Walikuwa wamebeba vikwembe vipya, maana mjane akitoka edani huoga na kuvaa nguo mpya, na hizo walitaka dada yao asafirie. Walimpa, wakasema naye kwa Kibangubangu, naye akachukua zile nguo akaingia bafuni. Mimi pia nilikuwa nimenunua vikwembe, vya sare, vyangu na vyake, nikaviweka vyake kitandani bila kusema kitu. Nilikuwa tayari nimevaa vyangu. Nilijiona mjinga, mtu mzima niliyevaa nusu ya sare.

Nikakaa na wageni. Nikawauliza habari za barabara, halafu nikawauliza tena yaleyale. Shemeji mkubwa alinitazama kwa huruma, na hilo ndilo lililonimaliza.

Mwenzangu akatokea chumbani. Amevaa sare yangu.

Ndugu zake wakamtazama yeye, wakanitazama mimi, wakatazamana.

"Dada, nguo zetu?" akauliza mdogo wao.

"Nzuri sana. Nitavaa siku ya Idi." Akaketi kando yangu, akajipanga kitambaa kichwani. "Sikilizeni. Leta ilituuliza, na miye na yaya tuliijibu pamoja. Jibu lao halijarudi. Miye nalingojea hapa. Likija zuri, tutapanda treni wawili. Likija baya, yaya huyu mutapata habari zake: atawafuata hao wa Leta mpaka Kinshasa na mudomo wake huu."

Shemeji zangu wakacheka, kwanza kidogo, halafu kwa nguvu. Nikasema nakwenda kupika chai. Jikoni nililia nikimshukuru Mungu kwa sauti, na nilipowaletea chai ile nilikuwa nimesahau sukari kabisa. Waliinywa hivyohivyo, na mwenzangu akawa anawauliza karanga zitafika lini.