Minofu Iliyolowekwa kwenye Maziwa

Chenga za mkate zikianza kunukia kwenye kikaango, narudi jikoni kwetu Mwamkulu. Mama aliwahi kuwapikia mapadri wa Kiitaliano, na siku hiyo alitaka tuonje chakula chao. Aliloweka minofu myeupe ya sangara kwenye maziwa, akaichovya kwenye mayai, akaivingirisha kwenye chenga, kisha akaikaanga mpaka ikawa inalia ukiitafuna.

Bibi, mama yake baba, aliingia akaliona bakuli.

“Hayo maziwa ni ya ng'ombe wangu?”

“Ndiyo, mama.”

“Umeyatilia samaki? Unataka ng'ombe akauke maziwa?”

Mama alicheka, akidhani anataniwa. Kwao walikuwa wakulima, hawakuwa na mwiko huo.

Bibi alitoka bila kugusa sahani. Wiki haikuisha, ng'ombe akakauka kweli. Baba hakugomba. Alifunga begi la mama kwenye pikipiki, akamrudisha kwao Litapunga.

Leo mwanangu amenitolea pakiti ya maziwa kwenye friji.

“Mama, kwenye video wanaloweka samaki kwanza.”

“Rudisha,” nimemwambia, tena kwa ukali.

Sijawahi kufuga hata mbuzi.